Mwizi wa Samaki Ndani ya Jiwe

Mwaka wa sabini na nne benchi letu lilikuwa mbele ya kibanda cha kahawa cha Mbithe, Muthangari. Jioni moja akaja Oloo, aliyekuwa akimtunzia daktari mmoja wa meno tangi la kioo lenye maji ya bahari. Samaki watano walikuwa wamepotea tangu daktari alete jiwe jipya kutoka Mombasa. Daktari alikuwa amesema mtu wa Ziwa Victoria, kama Oloo, haachwi peke yake na samaki. Daktari akirudi safari siku hiyo, Oloo aonyeshe mwizi au afungashe virago. Maneno hayo yalituudhi benchi zima, na tuliapa Oloo hana hatia.

— Mwizi ndio huyu, Oloo akasema, akaweka chupa ya jemu kwenye benchi. Amekuwa akijificha kwa shimo ya lile jiwe. Nimemtega asubuhi na kipande ya nyama.

Ndani kulikuwa na kidudu cha urefu wa kidole, macho yamemtoka, mikono ameikunja kifuani.

— Hiyo ni panzi, akasema Mwanzia, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Imeingia bahari ikaharibika tabia.

— Panzi gani inavunja konokono na ngumi? Nikipiga pasi nasikia ta, ta, ta.

— Huyo ametumwa, akasema Sifuna, tarishi wa wizara, jina la benchi Serikali. Kuna nchi zinafundisha wadudu. Mombasa meli zinatoka wapi?

— Kila mahali.

— Umeona sasa.

— Mimi nasema hao samaki hawakuliwa, Redio akasema. Wamegeuka. Hata wewe ukiishi na daktari wa meno utageuka.

— Mwaga dawa ya kunguni kwa tangi, akashauri Mbithe.

— Mama, hiyo itaua wote.

— Basi hakuna mwenye ataibiwa tena.

Oloo alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

— Wamebaki wanne. Nimehesabu mara tatu baada ya kumshika huyu. Leo daktari ataniomba msamaha.

Tukampongeza. Mbithe akamwongezea kahawa. Ndipo Milcah, mke wa Oloo, akafika mbio kutoka kwa daktari.

— Hamjambo. Baba Akinyi, daktari amerudi. Amehesabu samaki.

— Wanne.

— Watatu.

— Milcah, ni wanne.

— Nimehesabu na yeye. Na huyo wako ako kwa chupa tangu asubuhi. Sasa huyo mwingine amekuliwa na nani?

Serikali akatazama kikombe chake. Redio akahesabu kwa vidole. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta nauangalia mdomo wa Oloo kama una mafuta ya samaki.

Aliniona. Akachukua chupa yake, akaondoka na mkewe bila kuaga. Niliona haya hata kahawa yangu nikaiacha kwenye benchi.