Msajili Hajaridhika

Mbele ya duka la kunyolea la Otha Grimmett, katika mji mmoja wa pamba huko Mississippi, palikuwa na benchi ambalo kila Jumamosi alasiri lilibeba watu watatu na birika moja la kahawa. Otha mwenyewe walimwita Wembe. Lonzo Speight, aliyetandika mataruma ya reli mpaka mgongo ukagoma, aliitwa Reli. Wa tatu alikuwa Thaddeus Broadnax, mwalimu wa historia, aliyewahi kusoma sheria miaka miwili kule Washington kabla baba yake hajafariki; yeye walimwita Jaji, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukubali kwamba mvua imenyesha mpaka akanyage tope. Jumamosi hiyo ya mwaka 1958 Jaji hakuwa na hamu ya kahawa. Mahakama ilikuwa imeitupa kesi yake Alhamisi. Msajili wa wapigakura alikuwa amemkataa kwa sababu, kwa mujibu wa sheria, mwombaji sharti aeleze kifungu cha katiba ya jimbo kwa namna itakayomridhisha msajili, na msajili alisema hajaridhika. Wakili angepita jioni hiyo kuuliza kama wakate rufaa. Mkuu wa elimu, kwa upande wake, alikuwa ametamka mbele ya walimu wote kwamba mwenye kesi na kaunti asitegemee kufundisha mwaka ujao.

— Hebu rudia, Jaji, alisema Reli. Hakimu kasema nini hasa?

— Kasema sheria yenyewe haitaji rangi ya mtu. Kwa hiyo haimbagui mtu.

— Ehee! Hata bango la kutukataza mkahawani halina jina langu, lakini najua linaniambia mimi.

— Kisha kasema sikuthibitisha kwamba msajili aliridhika, halafu akaficha.

Wembe akashusha kikombe.

— Ngoja kwanza. Yaani ulitakiwa uthibitishe kilichomo moyoni mwa yule mzee?

— Ndivyo hukumu inavyosema.

— Mimi na mke wangu tuna miaka thelathini ndani ya nyumba moja, na bado sijui kilichomo moyoni mwake!

Wakacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Reli alijipangusa kinywa, na Broadnax akajua kwamba nadharia inakuja.

— Mimi nawaambia shida ni miwani. Jaji aliingia mle na miwani. Mzungu akiona mtu mweusi ana miwani, tumbo linamkata. Utamridhishaje mtu anayeumwa tumbo?

— Shemasi Tarpley hakuvaa miwani, alisema Broadnax. Naye alikataliwa.

— Alivaa tai!

— Ya mazishi, akaongeza Wembe. Kama ni tai ile, hata mimi ningemkataa.

— Basi tai ni dhana yako, si ushahidi, alisema Broadnax.

— Achana na tai, alisema Wembe, akisogea karibu. Mnajua kwa nini haridhiki? Hajui kusoma! Anashika karatasi, anatingisha kichwa, anaogopa kuulizwa. Wewe unamwandikia kurasa mbili, yeye anaona kunguru wametua kwenye theluji.

— Umemwona akishindwa kusoma?

— Nimemnyoa binamu yake.

— Binamu yake ni mzungu, Wembe. Hajawahi kukalia kiti chako.

— Basi nimemnyoa anayemnyolea nyasi binamu yake. Acha hizo bwana, Jaji! Hapa si mahakamani.

Reli hakukubali kuachwa nyuma.

— Mimi nasema hakuna msajili. Kuna kinanda cha sarafu mle ndani, kama kile cha baa ya Dolores, unachokipiga ngumi kikaimba. Ukikaa tu kwenye kiti, kinasema: sijaridhika. Wazungu wana kiti kingine.

Siku nyingine Broadnax angeuliza kiti hicho kimeonwa na nani. Maisha yake yote alikuwa amewadai watu ushahidi, na ushahidi pekee ambao ungemfaa, yaani majibu ya wazungu waliopita mtihani ule, ulikuwa umefungiwa katika chumba cha msajili. Hakimu alikataa kuamuru ufunguliwe, kwa hoja kwamba mlalamikaji hajaonyesha kilichomo ndani. Aliitazama hoja hiyo upande huu na upande ule. Haikuwa na ufa. Mtu angeweza kuzunguka humo mpaka afe.

— Jaji, alisema Wembe kwa sauti ya chini. Utakata rufaa?

— Sijajua.

— Shule ndiyo mkate wako, ndugu yangu.

— Najua.

Ndipo mwanamke mmoja akavuka barabara, amevaa viatu vya shambani na kofia ya kanisani. Hawakumfahamu. Alisema anaitwa Arvella Stokes, amehamia mjini wiki hii kutoka mashambani, na ameambiwa mwalimu anayefundisha mtihani wa kura kanisani hupatikana hapa.

— Ndiye mimi, mama, alisema Broadnax, akisimama.

— Kusoma najua. Kuandika najua, ingawa polepole. Wamesema wewe ulikataliwa.

— Ni kweli.

— Uliandika nini? Niambie, ili mimi nisiandike hivyo.

Reli aliinamia kikombe chake.

— Mama, alisema Broadnax, kifungu kile kilishawahi kufika mahakama kuu ya jimbo. Majaji wao wenyewe walikwisha kueleza maana yake. Mimi niliyajua maneno yao kwa moyo. Niliandika yao, neno kwa neno.

Mwanamke yule alifikiri kwa utulivu, kama mtu anayepima kitambaa.

— Basi mimi niandike ya nani?

Wembe aliinua birika, akalitikisa, akalirudisha chini. Broadnax alitafuta jibu mahali alipozoea kulipata, katika vifungu, katika hukumu, na kila mahali alimkuta mtu ameketi akisubiri kuridhishwa. Huko New Orleans, kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho, majaji wa kuridhishwa wangekuwa watatu.

— Sijui, mama, alisema. Wakili anakuja sasa hivi. Nitamwambia akate rufaa, na aandike swali hilo. Hoja zangu aziache. Aandike swali lako.

— Na shule, Jaji? alinong'ona Wembe.

— Shuleni watampata mtu mwingine.

— Hao majaji watalijibu? aliuliza Arvella Stokes.

— Hapana, mama. Lakini watalazimika kulisoma.

Akasogea pembeni, akampisha akae kwenye benchi.