Mzee Ignace, Aliyefundisha Bunduki kwa Mpini wa Fagio

Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2019, Mzee Ignace Bagalwa anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja katika kampuni yetu ya ulinzi hapa Johannesburg. Wakongomani wanamwita Papa Ignace, sisi Watanzania tunamwita Mzee, na vijana wa Kizulu getini wanamwita Baba. Yeye huitikia yote, mradi tu hujachelewa kazini.

Kwao ni Bukavu, alikokuwa akifundisha historia sekondari kabla vita havijamkimbiza. Hapa alianza kama mlinzi wa jengo la ofisi Braamfontein. Wakubwa walipogundua kwamba anaweza kunyamazisha ukumbi mzima bila kupaza sauti, wakampa darasa la silaha.

Basi darasa gani lile! Kuruta anakuja akitarajia bastola, anapewa mpini wa fagio. Mzee alitueleza kwamba hata mgambo wa zamani kule Marekani waliokosa bunduki walifanya gwaride na fimbo. Siku moja mama jirani alituona uani tumejipanga na mipini begani, akaja kuuliza tunatoza kiasi gani kusafisha fleti. Mzee alimkaribisha chai kwa heshima zote. Sisi tulikuwa hoi kwa kucheka.

Somo lenyewe halikuwa mzaha. Mgambo wa awali wa huko Marekani, alifundisha, haukuwa kundi la watu wenye hasira. Ulikuwa wajibu: wanaume wa mji waliandikishwa, wakaitwa siku ya ukaguzi, wakawa chini ya kamanda na sheria, na asiyefika alitozwa faini. Haki ya kushika silaha iliandikwa katika katiba yao sambamba na wajibu huo, ingawa wasomi wanabishana mpaka leo ni haki ya nani hasa. Wala ubaya wake hakuuficha. Watumwa hawakuandikishwa, na mara nyingine mgambo huohuo ndio uliowasaka. Mgambo wa nusu ya mji, alisema, huishia kuiwinda nusu ya pili. Kwao Kivu aliyaona kwa macho yake.

Septemba mwaka huu maneno hayo yalimpata mwenyewe. Maduka ya wageni yalikuwa yakivunjwa jijini, na huko Rosettenville anakoishi, saluni ya mkewe, Mama Victorine, ilipasuliwa vioo. Walinzi wetu kadhaa wakamfuata, wakiongozwa na Méthode, Mrundi mwepesi wa hasira ambaye mkewe ana spaza, kiduka cha mtaani, mtaa huohuo. Walitaka Mzee afungue kabati la bunduki za kampuni, waunde mgambo wa wageni. Wakamkaba kwa somo lake: si yeye aliyewafundisha kwamba raia huulinda mji wake? Ufunguo alikuwa nao yeye. Akakataa.

Eish, alitukanwa! Wakamwita msaliti. Hata Mama Victorine, vioo bado viko sakafuni, hakutaka kumsemesha. Mzee akavaa koti, akaenda kwenye kikao cha wakazi wa mtaa, Waafrika Kusini na Wareno, akaomba wageni waandikishwe katika doria yao. Walimsimamisha na kumhoji kama mshtakiwa. Mwishowe wakakubali: mwenyeji na mgeni pamoja, filimbi na tochi, bunduki hakuna. Méthode alikwenda huku amenuna. Waporaji walipofika kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, filimbi zikalia, mtaa mzima ukatoka nje, na wale jamaa walipoona majirani wa kila rangi wamesimama bega kwa bega, wakageuza.

Mzee wetu, umetufundisha kulenga shabaha, na tunakushukuru. Lakini shukrani yetu kubwa ni kwa bunduki ambazo hukuzitoa. Mtaani kwenu hakuna aliyezikwa wiki ile, wala aliyefungwa. Tutakukosa, tena sana. Mungu akupe wewe na Mama Victorine afya, usingizi mzuri na wateja wasiokopa.

Mkewe Méthode alijifungua Oktoba. Mtoto amemkuta baba yake nyumbani.

Seif Pandu, Idara ya Mafunzo