Fundi Aliyekaa Kuitazama Kompyuta Ikilala

Kwanza nitaje bahati yangu, maana najua wengi humu mnaionea wivu. Mashine zinanipenda. Kompyuta ya chumba cha kupanga kurasa, niliyoiunda mwaka huu kwa mikono yangu hii, kipuri kimoja baada ya kingine, haijawahi kuzima mbele yangu hata mara moja. Mbele ya wengine, ndiyo. Mbele yangu, ng'o!

Lakini leo si siku yangu. Leo ni ya fundi wetu wa kompyuta, Mzee Taratibu, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda hiki cha uchapaji. Aliingia na nywele na magoti mazima. Anatoka na miwani na mto wa kukalia.

Jina lake alilipata kwa haki. Hubadilisha kitu kimoja tu kwa siku, anaandika daftarini, kisha anakaa kusubiri. Ukimharakisha anakuuliza: akibadili viwili mashine ikapona, atajuaje dawa ilikuwa ipi? Ametuvusha kutoka enzi za flopi mpaka leo bila kupoteza ukurasa. Mara moja tu alihangaika siku mbili na printa ambayo waya wake ulikuwa umechomoka. Akaandika daftarini: "Mjinga ni mimi."

Mwaka huu kompyuta ile ikaanza kufa. Ukiipa kazi nzito inanguruma vizuri tu. Ukiiacha ukaenda kula chakula cha mchana, ukirudi, giza. Mkuu wetu alichoka kuomba radhi kwa wateja. Akasema mzee macho yamekwisha. Apewe wiki tatu, na akishindwa aende nyumbani, miezi minne kabla ya wakati wake. Miaka thelathini na mmoja, halafu utolewe kama kiti kilichovunjika mguu!

Basi mzee akakaa. Akabadilisha memori, akasubiri. Akasafisha feni, akasubiri. Vijana wa mitambo wakamtania: "Babu, unalipwa kulinda usingizi wa kompyuta?" Akawajibu: "Na nyie mnalipwa kunilinda mimi?" Kila nusu saa alitoka kunyoosha magoti, amri ya daktari, na kila aliporudi aliikuta inawaka. Asubuhi aliikuta imekufa. Akaona basi mchawi ni umeme wa usiku, akatumia wiki nzima kufuata nyaya za jengo, kwa magoti hayo hayo. Nilimkuta amelaza paji la uso juu ya meza, daftari wazi, kalamu bado mkononi.

Wiki ya tatu alifunga mlango na hakunyanyuka. Magoti yakamuuma, akavumilia. Baada ya saa moja na ushee ikazima mbele ya macho yake. Ndipo akaelewa. Kompyuta ikikosa kazi, prosesa, yaani ubongo wake, hushusha matumizi yake ya umeme mpaka karibu na sifuri, kama mtu anayezama usingizini. Pawa saplai, lile sanduku la kugawa umeme ndani, ilikuwa ya zamani; ikaona hakuna anayekula, ikafunga jiko. Mzee akaingia kwenye mipangilio, akaizuia prosesa isilale fofofo. Ikakesha. Siku ya pili akafunga pawa saplai mpya, akairuhusu ilale itakavyo. Haijazima tena. Kwa mkuu aliandika sentensi moja: pawa saplai imezeeka. Akaachiwa miezi yake yote.

Baba, asante. Pumzika mpaka uchoke kupumzika, magoti yapoe, na asikupigie mtu kusema "njoo mara moja tu". Maisha yako yawe mema, sote tunakuombea.

Pawa saplai ile niliichomoa mimi kwenye kompyuta iliyotupwa. Na kila ulipotoka kunyoosha magoti, niliingia kutikisa kipanya ili isizime, nisiaibike. Daftari lako likadanganywa na mimi. Siku uliyofunga mlango nilikuja kama kawaida. Ukanitazama kupitia kioo cha mlango, ukainamia daftari, na mpaka leo hujamwambia mtu. Bahati niliyojisifia ni uongo mtupu. Ilizima mbele yangu siku ya kwanza kabisa.