Bi Vishale na Njia za Surua

Wasikilizaji wapendwa, jana asubuhi nilizungumza naye kwenye simu. Alikuwa akicheka. Mchana nikaambiwa amefariki. Mpaka sasa akili yangu inakataa. Bi Vishale amefariki, wasikilizaji. Alianguka kwenye ngazi za chuo, akitoka kufundisha. Moyo ulisimama, basi.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na kazi yake ilikuwa kukokotoa jinsi surua inavyosambaa kwa watoto. Ubaoni alichora viduara, kila kiduara mtoto, na vishale kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mtoto akichanjwa, kishale kinafutwa. Alirudi nyumbani na chaki mpaka kwenye nyusi.

Mwaka jana hesabu zake zilionyesha kwamba surua ingeanzia chekechea ya nyuma ya soko. Watoto wengi wa pale walikosa chanjo zahanati ilipokuwa imefungwa kwa ukarabati. Akaenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Mganga akamtania: "Mama, mbona wagonjwa wako wote ni wa chaki?"

"Ndiyo maana nimewahi, daktari."

Mganga akacheka, kisha akaomba kuziona hesabu. Wachanjaji wakatumwa.

Pale chekechea alisoma mtoto wa mdogo wake Bi Vishale, fundi cherehani, ambaye chanjo hakutaka hata kuisikia. Ametusimulia huku akilia:

"Dada alikuja jikoni kwangu, akasema, 'Sikuja kugombana. Ila mwanao nimemtia kwenye hesabu, na kila nikiipiga, anaugua.' Nilipandwa na hasira! Nikamwambia, 'Unamwapiza mwanangu?' Hakuondoka. Akanioshea vyombo vyote. Kesho yake tukaenda zahanati pamoja."

Miezi miwili baadaye surua ikaingia. Iliingia chekechea ile ile, wasikilizaji. Ile ile! Walioshikwa wakawa wachache, na wote wakapona. Mtoto wa fundi hakuugua.

"Ya watoto wa watu aliyaona yanakuja," anasema mdogo wake. "Ya kwake hakuyaona. Jana nilimpigia simu, ikapokewa na mtu nisiyemjua."

Kwa mume wake, kwa mdogo wake, kwa wanafunzi wake: poleni sana. Nasi hapa studio tumepigwa na butwaa.

Mzazi unayenisikiliza, leo itafute kadi ya chanjo ya mwanao. Kama haijakamilika, mpeleke. Usingoje kuja kubembelezwa jikoni. Aliyekuwa akija, hayupo.