Emilian Nshoma, Mzee Aliyelikataa Neno "Tu"

Wazee wetu, shikamooni. Wengine wote, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Frida, mtoto wa kwanza wa marehemu, na ndiye aliyenituma nisome haya. Alisema, "Usome wewe, maana ndiwe uliyenisumbua." Basi nimetii.

Marehemu mzee Emilian Nshoma alizaliwa tarehe 14 Septemba 1948 hapa Ntobeye, wilayani Ngara, mtoto wa tatu katika nyumba ya watoto saba. Alibatizwa kabla ya Krismasi ya mwaka huo.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza darasa la nne mwaka 1960. Hakuendelea kwa kuwa baba yake alifariki na shamba likabaki bila mikono. Hesabu alizijua vizuri. Kuimba, hapana. Kwaya ya kigango ilimpokea mara mbili na mara mbili ikamwomba abebe viti.

Mwaka 1965 alijifunza useremala misheni, chini ya fundi Novatus, na kazi yake kubwa ikawa milango. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1986 alifanya kazi Biharamulo mjini, akarudi nyumbani na randa mbili, baiskeli, na fedha za kupanda kahawa na migomba. Milango ya kijiji hiki mingi ni ya mkono wake. Ukisikia mlango haulii, ni wake.

Tarehe 26 Juni 1971 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Esperansia, wa Kirushya. Mama anasema alipomuuliza siku ya kwanza, "Una nini cha kunipa?" Baba alijibu, "Nina randa tu." Ndiyo, ndugu zangu. Siku hizo naye alikuwa analisema neno hilo kama sisi sote. Walijaliwa watoto watatu: mimi, Gaudence na Suzan.

Sasa nieleze neno hilo lilivyomtoka. Novemba 1993 watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi wakikimbia vita. Asubuhi moja mama mmoja mjamzito, jina lake Ndayisenga, alisimama uani kwetu akaomba kitu cha kunywa. Baba akamletea kikombe, akasema kwa aibu, "Pokea, mama. Chai imeisha, ni maji tu."

Yule mama akanywa yote, akamrudishia kikombe. "Baba, usiseme *tu*. Wewe umelala kwako, umeamka kwako, na mlango umeufungua mwenyewe. Mimi leo ni siku ya kumi na mbili sijafungua mlango."

Baba, fundi milango, alikaa chini pale pale. Alituambia baadaye kwamba alikuwa ametengeneza milango zaidi ya mia tatu na hajawahi kumshukuru Mungu hata kwa mmoja. Ndayisenga alikaa kwetu hadi alipojifungua mtoto wa kike, akamwita Ishimwe, yaani shukrani. Wazazi wangu ndio waliomsimamia ubatizo.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu ukisema "tu" ulikuwa unasimama na kumshukuru Mungu kwa sauti kwa kile ulichokidharau. "Leo tunakula maharage tu." Haya, simama, shukuru kwa maharage! Mgeni akiulizwa habari za kwake akajibu "tupo tu," Baba anamuuliza, "Kuwepo kwenyewe umekuona ni kudogo?" Hata padri wetu hakupona. Alisema kanisani, "Nina tangazo moja tu," Baba akakohoa, na padri akamshukuru Mungu kwa tangazo. Naona mnacheka. Mlikuwepo.

Kwa Baba halikuwa jambo la mzaha. Alikuwa akisema kwamba Waisraeli walipotoka Misri walikuwa watu huru, wanalishwa kutoka mbinguni kila asubuhi, na bado hazikupita siku nyingi wakaanza kunung'unika, "mana tu." "Shetani hana haja ya kukunyang'anya baraka," alisema. "Anakuacha uizoee."

Hapo ndipo nilipogombana naye. Mwaka 2017 alikuja kunitembelea Mwanza. Mungu alikuwa amenijalia duka la vifaa vya ujenzi na nyumba yenye maji ndani. Nikamkaribisha nikisema, "Ni nyumba ya kawaida tu, Baba." Akafungua bomba, akafunga, akafungua tena. "Mwanangu, maji yanakufuata mpaka jikoni, na wewe unasema *tu*?" Mimi nilikuwa na wageni wa biashara sebuleni. Nikamjibu kwa ukali, "Baba, sisi wa mjini hatuna muda wa kushukuru bomba."

Akafunga bomba. Kesho yake akaomba apelekwe stendi.

Kwa miaka minane, kila aliponipigia simu na kuuliza habari za Mwanza, nilimjibu "tupo tu." Nilikuwa nalisema makusudi, ili limchome. Naye kila mara alijibu, "Basi nitashukuru kwa niaba yako." Niliona haya kurudi, na kadiri nilivyochelewa ndivyo haya ilivyozidi.

Mwaka 2024 Baba alianza kuugua moyo. Alitibiwa, akapata nafuu, kisha Juni mwaka huu hali ikabadilika. Gaudence akanipigia: "Dada, ukimtaka Baba, njoo sasa." Njia nzima niliogopa kwamba jibu langu la mwisho kwake lingebaki lile la simu.

Nilimkuta amelala karibu na dirisha. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Habari za Mwanza?"

"Tupo, Baba."

Akasubiri mkia wa sentensi. Haukuja. Akacheka mpaka akakohoa. "Esperansia! Njoo umsikie Frida!" Nililia, nikamwomba msamaha, naye akasema msamaha ulishatoka siku ile ile ya stendi, ila mimi sikupita kuuchukua. Tulikaa pamoja wiki tano. Jamani, wiki tano nzima!

Alipokea sakramenti zote, na Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, aliomba tumfungulie mlango aone migomba, akafariki akiwa nyumbani kwake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa, vitukuu wawili, na Ishimwe, aliyefika jana kutoka Burundi. Wasifu huu niliuandika nikalifuta neno lile mara tisa, kwa sababu aliniagiza, "Usije ukasema nilikuwa mkulima tu."

Alikuwa mkulima. Alikuwa seremala. Alikuwa baba yangu.

Umelala kwako, Baba. Uamke kwa Bwana, na mlango akufungulie mwenyewe.