Bi Sufuria na Pampu Iliyokunywa Hewa

Wasikilizaji wapendwa, katika redio hii nzima hakuna anayejua pampu za maji kunishinda mimi. Nimesema. Ila bomba la jikoni kwangu linavuja mwaka wa tatu sasa, na dawa niliyolipatia ni ndoo. Basi tumkumbuke aliyejua kweli.

Tunamkumbuka mpishi wa meli ndogo ya abiria, aliyetutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na mmoja. Mabaharia walimwita Bi Sufuria. Jina alipewa na fundi mkuu wa mashine, kwa dharau. Yeye akalipenda, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya jiko lake. Mwenye dharau akawa analisoma kila akija kuomba chai.

Turudi nyuma miaka saba. Meli imefunga gatini, abiria wanapanda saa nane mchana. Asubuhi mpishi anafungua bomba aoshe viazi. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatoa maji ya kujaza kijiko. Huko chini pampu inanguruma kama kawaida.

Fundi mkuu akabadilisha fyuzi. Akakaza nyaya. Akaipiga pampu kofi. Kisha akatoa hukumu mbele ya nahodha: "Pampu imekufa. Sufuria huyu huacha bomba wazi, imezunguka mpaka ikaungua."

Nahodha hakuuliza mara mbili. "Fundi, nenda mjini kanunue nyingine. Na wewe mama, saa nane unabaki hapa gatini na mizigo yako."

Miaka kumi na tisa ya kazi, wasikilizaji wapendwa. Kumi na tisa. Na bomba hajaliacha wazi hata siku moja.

"Nitashuka kwa kosa langu, si kwa kosa la kusingiziwa," akasema mpishi. "Saa nane bado."

"Utaitengeneza na mwiko?" akauliza fundi mkuu.

"Mwiko ukinishinda, nitakuazima wewe."

Fundi akavua mabuti yake ya mpira mlangoni pa chumba cha mashine, akavaa viatu vya mjini, akaondoka. Mpishi akashuka chumba cha mashine na bakuli la povu zito la sabuni. Akaligonga tanki kwa mwiko huo huo, likaitika kama tumbo lililoshiba. Tanki limejaa. Nasema tena: tanki limejaa, pampu inazunguka, maji hayaji. Ukinyonya soda kwa mrija uliopasuka unapata upepo. Basi mahali fulani kati ya tanki na pampu, pampu ilikuwa inakunywa hewa.

Akaiwasha, akapaka povu kiungo kimoja kimoja. Cha kwanza, povu limetulia. Cha pili, limetulia. Alipofika kwenye chujio, lile kopo linalokamata uchafu kabla haujaingia kwenye pampu, povu likavutwa ndani ya ukingo wa kifuniko, likaisha lote.

Akafungua. Pete ya mpira ya kuzibia hewa haikuwepo. Chujio lilisafishwa usiku uliotangulia, na aliyelisafisha alirudisha kifuniko akasahau pete. Melini pale anayesafisha chujio ni mtu mmoja tu, na hapiki.

Mpira autoe wapi? Akatazama mlangoni. Mabuti yakamtazama.

Akaleta kisu na kifuniko cha kopo lake la hamira kutoka jikoni, akakiweka kifuniko juu ya shingo ya buti la kulia, akachora duara, akalikata kwa kisu hicho cha nyama. Akalitoboa katikati, likawa pete. Akaipachika, akajaza chujio maji, akakaza, akawasha. Pampu ikabadili sauti, ikawa nzito. Huko juu bomba likatema mara mbili, kisha maji yakashuka kwa kishindo.

Fundi mkuu alirudi saa saba na nusu amekumbatia boksi, akamkuta nahodha ananawa uso. Akashuka, akafungua chujio, akaiona ile pete, akapanda na uso mkavu: "Pete niliiweka mimi kabla sijaondoka. Maji huchelewa kupanda. Hii pampu mpya ni ya akiba." Nahodha akaamini. Mpishi akabaki kazini, sifa ikaenda kwa mwenye mabuti. Naye wiki ile ile akawaambia mabaharia kwamba panya wamemtafunia buti.

"Nilimuuliza mama mbona hakumsema," anasimulia binti yake. "Akacheka. Akasema, kila akilivaa buti lile, upepo unampiga pale pale. Inanitosha."

Ila tangu siku ile hakuna aliyefungua chujio bila mpishi kusimama kando. Fundi mkuu akinung'unika, alijibiwa: "Mlango huu wa mashine haujaandikwa jina la mtu."

Kwa binti, kwa wajukuu na kwa mabaharia wa meli ile: poleni sana. Na sisi tuliobaki tujiulize. Tukitupiwa kosa lisilo letu, tunafungasha mizigo, au tunachota povu?

Juzi nilikuwa msibani na kinasa sauti changu. Fundi mkuu alifika moja kwa moja kutoka kazini, mabuti yale yale miguuni, akasimama mbele ya watu. "Marehemu alikuwa mpishi hodari," akasema. "Ile pampu yake niliitengeneza mimi, kwa mkono wangu huu."

Binti akaingia jikoni, akatoka na kifuniko cha kopo la hamira.

"Shikamoo, mjomba. Hebu nyoosha mguu wa kulia."

Akainama, akakipachika kwenye tundu la buti. Kikakaa sawasawa, hakikuacha mwanya.

Nahodha akakitazama kifuniko, akamtazama fundi wake.

"Kumbe panya wako," akasema, "hupima kwanza?"

Kinasa sauti kiliendelea kunasa. Kinachosikika baada ya hapo ni mabuti yakielekea mlangoni.