Jino Lilishapokewa

Basi lilikuwa bado halijatoka Suva, na mama aliyekaa mbele yangu alikuwa anapigia tena ofisi ya waziri. "Mwambie ni Vasemaca. Ukuta wa kuzuia bahari utajengwa au hautajengwa? Nataka ukweli tu." Simu ikakatwa.

Mzee wa kiti cha upande wa pili akaguna. "Mwanangu, si waziri mwenyewe alikuja kijijini kwenu na jino la nyangumi, akapiga magoti kuomba radhi kwa ule ukuta kuchelewa? Tulisikia redioni."

"Alikuja."

"Wazee wenu wakalipokea?"

"Walilipokea."

"Basi yamekwisha. Kwa mila yetu, jino likishapokewa, hakuna kuulizana tena. Unawaaibisha wazee wako."

Hata marehemu baba yangu angesema hivyo hivyo, kwa hiyo nikatazama nje.

"Mzee wangu, radhi tumempa kwa moyo mweupe," Vasemaca alisema polepole. "Lakini bahari haikuwepo kwenye kile kikao. Wiki iliyopita iliingia makaburini. Mama yangu amelala pale."

Basi liliposimama kituoni, Vasemaca akashuka, simu iko sikioni.

"Lakini jino lilishapokewa," mzee akaniambia, kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyepiga simu.